Pwani Isiyo na Tambarare

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumapili asubuhi hapa Tanga, mbele ya waendesha baiskeli wenzangu, kuhusu kuendesha baiskeli kwenye pwani moja ya milima huko Italia. Waliokosa kufika wameomba waisome, kwa hiyo naiweka yote kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi? Ahsanteni kwa kuja, na ahsanteni zaidi ninyi mliokuja kwa baiskeli, maana nimeona pale nje zimepangwa mpaka zimefika barabarani.

Nianze na swali. Nani humu ndani amewahi kupanda kutoka Mombo mpaka Lushoto kwa baiskeli? Nyoosheni mikono niwaone. Wanne, watano, sita. Vizuri. Na nani kati yenu alifika Soni bila kushuka na kusukuma? Mkono mmoja tu, na ni wa mzee wetu pale nyuma. Mzee, hongera sana. Nitarudi kwako.

Sasa ndugu zangu, ichukueni ile barabara ya Mombo na kona zake zote. Ing'oeni pale, ipelekeni ufukweni, ianzie kwenye maji ya chumvi. Ikifika juu, iteremsheni tena mpaka baharini. Halafu ipandisheni tena. Halafu tena. Hiyo ndiyo Liguria.

Liguria ni mkoa wa kaskazini-magharibi mwa Italia, umejikunja kama upinde kuizunguka bahari ya Mediterania, kuanzia Ventimiglia kwenye mpaka wa Ufaransa hadi La Spezia. Katikati ya upinde kuna Genova, mji wa bandari, na hapo ndipo nilipofanya kazi miaka sita. Milima ya Alpi na ya Apenini inashuka mpaka majini. Hakuna pa kupumulia. Mji unakaa kwenye mdomo wa bonde, kisha rasi, kisha bonde jingine na mji mwingine, kisha rasi tena. Kila rasi ni mpando.

Sisi wa Tanga tunaendesha baiskeli kwa sababu ardhi imeturuhusu. Mji wetu ni tambarare, mama anatoka sokoni na ndizi kwenye keria, mtoto anakwenda shule. Kule ardhi haikumruhusu mtu, na bado watu wanaendesha, vijana kwa wazee. Kwa nini? Na wanawezaje? Nimekuja kuwaambia kile nilichokiona kwa macho yangu na kukilipia kwa miguu yangu.

Nianze na siku mbaya.

Safari yangu ya kwanza nilitoka Genova kuelekea mashariki. Nilikodi baiskeli kwenye duka moja pale mjini, nikafunga mifuko miwili ya pembeni, hema, jiko, viatu pea tatu, na vitabu. Ndiyo, vitabu! Siku ya pili nikafika Sestri Levante, mji mzuri wenye ghuba mbili, nikalala, na asubuhi nikaanza kuupanda Bracco. Bracco ni mlima ambao barabara ya kale, Via Aurelia, inaupanda mpaka zaidi ya mita 600. Unaanzia usawa wa bahari. Kabla ya barabara kuu ya kulipia haijajengwa, malori yote na mabasi yote yalipita hapo. Siku hizi magari mengi yamehamia kule, na Bracco imebaki kwa pikipiki na kwa watu kama sisi.

Nilisukuma baiskeli ile saa nzima. Gia zilikuwepo, lakini zilikuwa za mjini. Hata ile ndogo kabisa ilikuwa nzito. Nikikanyaga, goti linalia. Nikishuka kusukuma, mifuko inanigonga kwenye paja. Nikafika juu nikiwa nimekwisha. Na kufika juu hakukuwa mwisho wa taabu, maana nilipoanza kuteremka kwenda Levanto nikasikia breki ya mbele inakwaruza, chuma kwa chuma. Pedi zilikuwa zimekwisha. Sikuzikagua nilipokabidhiwa baiskeli, na mwenye duka hakuniambia. Niliteremka mlima mzima kwa breki moja ya nyuma, nikisimama kila baada ya kona chache rimu ipoe, nikiigusa kwa kidole kuona kama bado inaunguza.

Levanto nikaingia posta. Nikanunua boksi, nikatia vitabu, viatu, jiko, na nusu ya nguo, nikazituma nyumbani kwangu Genova. Yule dada wa posta alipima: kilo tisa. Kilo tisa nilizokuwa nazivusha milimani kwa hiari yangu mwenyewe!

Tusikilizane hapa, kwa sababu hili ndilo jambo la kwanza. Watu wanadhani mlima unapandwa kwa misuli. Mlima unapandwa kwa hesabu. Mimi na baiskeli yangu bila mizigo ni kilo 90 hivi. Nikiongeza kilo tisa, nimeongeza sehemu moja ya kumi ya kazi. Kwenye tambarare ya hapa Tanga huzisikii, kwa sababu zikishaanza kwenda zinakwenda. Mlimani unazinyanyua kila mita, na hakuna atakayekurudishia jasho.

Na gia, jamani. Baiskeli zetu hizi nyingi za gia moja, tuseme zina meno 44 mbele na 18 nyuma. Zungusha pedali mara moja, tairi la nyuma linazunguka karibu mara mbili na nusu, na wewe unasogea zaidi ya mita tano. Raha! Lakini kwenye mpando, zile mita tano zote unazinunua kwa mkanyago mmoja. Safari yangu ya pili nilikuwa na baiskeli yangu mwenyewe, niliyomwomba fundi anifungie meno 30 mbele na 34 nyuma. Zungusha pedali mara moja, tairi halimalizi hata mzunguko wake. Unasogea chini ya mita mbili. Ni mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Mtoto anaweza kukupita, na akupite tu. Kwa gia ile nilipanda Bracco mara ya pili nikiwa nimekaa kitini, napumua kwa pua, naangalia maua ya kando ya barabara. Mlima uleule. Miguu ileile, tena imezeeka kwa mwaka mmoja.

Kwa hiyo kijana akiniuliza anunue nini kwanza, simwambii baiskeli nyepesi ya bei kubwa. Namwambia ahesabu meno. Kisha akague pedi za breki kwa macho yake, asimwamini mtu.

Safari hiyo ya pili nilianzia Ventimiglia, Oktoba, nikaenda mashariki mpaka La Spezia. Mbona nilianzia magharibi? Kwa sababu Italia wanapita upande wa kulia. Ukitoka magharibi kwenda mashariki, bahari iko kulia kwako, na kati yako na maji hakuna gari. Ukienda kinyume chake, bahari unaiona kwa kuchungulia juu ya mabasi. Jambo dogo, lakini linaibadilisha safari yote.

Kutoka Ventimiglia ukipanda kidogo unaiona Ufaransa kule nyuma, na Monako. Nilisimama pale nikamfikiria Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akafunzwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, akaja kuishi Monako na kufanya mazoezi kwenye milima hiyohiyo, akashinda Tour de France mara nne. Aliyemfundisha mwanzo ni Mkenya mwenye rasta kwenye nyumba ya kijijini. Hilo tulikumbuke tunapodhani mambo haya ni ya watu wengine.

Sasa jambo la pili, ambalo nililipenda kuliko nilivyotegemea. Ukipita mji wa Ospedaletti unaingia kwenye njia ya baiskeli. Njia ile zamani ilikuwa reli. Treni ya Genova kwenda Ventimiglia ilipita pale, kando kabisa ya maji, tangu mwaka 1872. Mwaka 2001 reli katika kipande hicho ikahamishiwa ndani ya milima, na ile ya zamani ikabaki tupu, kilomita 24, mbele ya bahari. Ninyi ndugu zangu mnajua kiwanja cha mbele ya bahari kina bei gani. Mnajua wangapi wangekitaka. Wakawapa wenye baiskeli na waenda kwa miguu. Mwaka 2015 mashindano ya Giro d'Italia yalianzia palepale, timu nzima nzima zinakimbia juu ya njia ya treni ya zamani kutoka San Lorenzo al Mare mpaka Sanremo.

Na kwa nini reli inafaa kwa baiskeli? Kwa sababu treni haiwezi mpando. Wajenzi wa reli walipokutana na rasi hawakuipanda, waliitoboa. Kwa hiyo katika pwani ile yote ya kupanda na kushuka, kuna uzi mmoja ulionyooka, nao uliwekwa na watu wa treni.

Handaki moja la njia hiyo, la Capo Nero, lina urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Nje kuna jua linachoma. Unaingia, na baridi inakupiga kifuani kama umefungua jokofu. Taa zinakwenda mbele yako mstari mmoja. Kwenye kuta wameandika historia ya mbio za baiskeli za Milano–Sanremo, mwaka baada ya mwaka, na unaendesha sambamba na miaka. Unaisikia cheni yako mwenyewe, sauti yake inarudi kutoka ukutani. Kulikuwa na bibi mmoja mbele yangu, kikapu kimejaa mboga, anaendesha polepole na kuimba, na wimbo ule ulilijaza handaki lote. Sikutaka kumpita. Nilikaa nyuma yake mpaka mwanga.

Hapa Tanga baiskeli ni nyingi, na bado mwenye baiskeli anakimbizwa pembeni na kila mwenye honi. Nauliza tu: je, hakuna mahali katika mji huu penye njia iliyolala bure? Nendeni mkaangalie. Mimi nimeshaanza kuangalia.

Nimezitaja mbio za Milano–Sanremo, niwaambie mawili. Zilianza mwaka 1907, zinakimbiwa Machi, siku moja, karibu kilomita 300. Mwaka 1910 waliikuta theluji kwenye njia ya mlima ya Turchino. Mfaransa Eugène Christophe aliganda kiasi cha kushindwa kuendelea, akapata hifadhi kwenye nyumba ya wageni, akapashwa moto, akatoka tena kwenye theluji, akashinda. Waliohesabiwa kumaliza siku hiyo walikuwa wanne tu.

La pili ni kilima kinachoitwa Poggio, juu tu ya Sanremo. Kiliongezwa kwenye mbio mwaka 1960, kwa sababu mwisho ulikuwa mwepesi mno. Nilikipanda. Urefu haufiki kilomita nne, na kila mita 100 unazosonga unapanda chini ya mita nne. Kando ya barabara kuna nyumba za vioo za kuoteshea maua. Nilifika juu hata jasho halijanitoka sawasawa, nikajiuliza, hiki ndicho kilima kinachovunja mabingwa? Halafu nikakumbuka kwamba wao wanakifikia wakiwa na kilomita zaidi ya 280 miguuni. Tangu siku ile napanga siku zangu upya. Mpando mkubwa naupanda asubuhi, tumbo likiwa limeshiba. Vilima vidogo vya jioni navihesabu mara mbili.

Kuhusu chakula sitakaa sana, ila farinata lazima niiseme. Unga wa dengu, maji, mafuta ya zeituni, chumvi. Basi. Wanamimina kwenye sinia pana la shaba, wanasukuma kwenye tanuri la kuni mpaka juu iwe na madoa ya kahawia. Nilipoitia mdomoni mara ya kwanza, moto, pilipili manga juu yake, nikawakumbuka wauza bajia wa barabara ya kumi na mbili. Dengu ni dengu. Na kwa mwendesha baiskeli hakuna chakula bora: kinakaa tumboni, na bei yake si ya watalii.

Sasa niseme jambo ambalo hasa limenileta hapa.

Ukiinua macho kutoka barabarani Liguria unaona ngazi. Milima yote imekatwa ngazi, kuanzia juu mpaka karibu na maji. Ngazi za kulimia. Upande wa magharibi zimepandwa mizeituni ya aina inayoitwa taggiasca, yenye zeituni ndogo ndogo, na Oktoba wanatandika nyavu chini ya miti kungoja zeituni. Upande wa mashariki, kwenye vile vijiji vitano vya Cinque Terre, zimepandwa mizabibu. Na kila ngazi imeshikiliwa na ukuta wa mawe. Ukuta usio na saruji wala chokaa. Mawe matupu.

Ukipita kwa gari unaona mlima wa kijani. Ukipita kwa treni huoni kitu, uko ndani ya handaki. Ukipita kwa baiskeli, kwa mwendo wa gia ndogo, ukuta uko pale kwenye bega lako, jiwe kwa jiwe, kilomita kwa kilomita, na unaanza kujiuliza: haya mawe aliyaweka nani?

Juu ya Manarola nilimkuta mzee anakarabati ukuta uliobomolewa na mvua. Nikaiegemeza baiskeli, nikamsalimia, nikakaa. Hakuwa na uzi wala pima maji. Alikuwa na nyundo na macho. Aliokota jiwe, akaligeuza, akaligeuza tena, akaliweka upande mrefu ukiingia ndani ya mlima, ule mfupi ukitazama nje. Mimi ningeliweka kinyume, ili lionekane kubwa. Jiwe la juu akalilaza juu ya maungio ya mawili ya chini, kama fundi wetu anavyopanga matofali. Nyuma ya ukuta akajaza mawe madogo madogo, kokoto tupu. Na ukuta mzima aliuinamisha kidogo kuelekea mlimani, kama mtu anayesukuma mlango.

Nikamuuliza kwa nini hatii saruji, amalize kwa siku moja. Akanionyesha kwa kidole mahali pa jirani, ukuta wa saruji umepasuka na kutumbukia. Akanieleza kwamba mvua ikinyesha, maji yanaingia ndani ya mlima na kutafuta njia. Ukuta wa mawe matupu unayaachia yapite kati ya mawe. Wa saruji unayazuia, yanajikusanya nyuma yake, mpaka siku yanausukuma wote. Akanipa jiwe niliweke. Nikaliweka. Akalitazama, akalitoa, akanirudishia. Mara ya tatu ndipo alipoliacha.

Ndugu zangu, kazi hiyo imefanywa kwa mikono, karne na karne, na wanaume na wanawake waliobeba mawe na udongo begani na kichwani. Vijiji vile viliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1997, na mwaka 2018 ufundi wenyewe wa ukuta usio na saruji ukaingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, kwa Italia na nchi nyingine kadhaa. Lakini cheti hakishiki mlima. Vijana wamehamia mijini, kuta nyingi zimeachwa, na ukuta mmoja usiokarabatiwa unauangusha wa chini yake. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa iliishukia pwani ile, tope na mawe yakashuka Vernazza na Monterosso, yakajaza mitaa, watu wakafa. Mvua ilikuwa ya kutisha yenyewe. Lakini ngazi zilizotelekezwa nazo ni sehemu ya kilichoshuka.

Nilipokuwa nimekaa pale na yule mzee niliwaza Usambara. Wazee wetu wa Lushoto wanayakumbuka matuta ya kulimia ya amri ya Mwingereza miaka ya 1950, ambayo watu waliyakataa. Amri haijengi. Wale wa Liguria walijijengea wenyewe, kwa sababu bila ngazi hapakuwa na shamba. Na leo nani anaziangalia ngazi zetu? Nani anapita karibu nazo kwa mwendo wa kuziona?

Kwa wanaotaka kwenda, machache ya haraka. Vijiji vya Cinque Terre viko chini, barabara iko juu sana, na njia kati yao ni ngazi za mawe za kupita kwa miguu. Iacheni baiskeli Levanto, ingieni kwenye treni, mtembee. Lakini kabla ya kuiacha, endesheni kutoka Levanto kupitia Bonassola mpaka Framura, ni reli nyingine ya zamani yenye mahandaki, na watoto wanaiweza. Sheria ya Italia inataka kizibao kinachong'aa usiku nje ya miji, na ndani ya mahandaki, na taa pia. Msibishane na hilo. Agosti msiende, joto na magari vitawamaliza. Upepo wa kaskazini wanauita tramontana, unashuka mabondeni ghafla. Kila mnapovuka mdomo wa bonde shikeni mikono ya baiskeli vizuri.

Na hapa nyumbani, mwezi ujao nataka tupande Mombo mpaka Lushoto, siku mbili, tulale Soni, tusimame kila penye tuta la kulimia. Hakuna mashindano. Atakayetaka kusukuma atasukuma, na atasubiriwa.

Baiskeli yangu ipo pale nje chini ya mwembe, nimeiacha kwenye gia ndogo kabisa. Njooni mmoja mmoja, mzungushe pedali kwa mkono mara moja, muone tairi linaishia wapi. Mzee wetu wa Soni, tuanze na wewe.